Mabaharia wa Angani

Lugha yetu ilipotakiwa kuusemea usafiri wa ndege haikwenda mbali kutafuta maneno. Iliteremka pwani, ikaingia chomboni, ikachukua iliyoyakuta humo. "Rubani", ambaye leo kila mtoto wa skuli humjua kuwa ni mwendesha ndege, kwa wazee wetu alikuwa mjuzi wa njia za bahari, mtu anayejua mwamba ulipo na mkondo unakoelekea. "Abiria" ni wale wale waliovushwa kutoka bandari hadi bandari kwa kusi na kaskazi. Hata ndege yenyewe twaweza kuiita chombo na asishangae mtu.

Kuna neno moja, hata hivyo, ambalo halikupanda ndege pamoja na wenzake, nalo ni "baharia". Yule anayefanya kazi baina ya viti, anayefunga milango, anayepita akitazama mikanda, tumemwita mhudumu. Si neno la kudharauliwa. Shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa "khadimu", na wanaolifuatilia jina la Wahadimu wa Unguja hulirejesha huko huko. Lakini huduma ni sehemu moja tu ya kazi ya mtu huyu, na jina linapotaja sehemu moja, ile nyingine huingia kizani.

Waingereza nao walipita njia iliyofanana na hiyo. Neno lao la mwanzo kwa kazi hii lilikuwa "steward", walilolitoa katika meli. Ukilichimba neno hilo utakuta limejengwa kwa maneno mawili ya Kiingereza cha kale, moja lenye maana ya nyumba au ukumbi, na la pili lenye maana ya mlinzi. Mlinzi wa nyumba: ndiyo maana yake ya asili. Makala haya yanakusudia kumfuata mlinzi huyo kwa takriban miaka mia moja na kumi. Namna alivyogeuzwa mtumishi, kisha akageuzwa pambo, na namna yeye mwenyewe alivyodai arejeshewe ulinzi wake.

Wa kwanza anayetajwa katika historia alikuwa mwanamume. Heinrich Kubis, Mjerumani aliyewahi kufanya kazi katika mahoteli makubwa, alianza mwaka 1912 kuwahudumia abiria ndani ya zepelini, yale mapuli makubwa ya gesi yaliyotangulia ndege za abiria. Miaka 25 baadaye, tarehe 6 Mei 1937, alikuwa ndiye mkuu wa wahudumu ndani ya Hindenburg ilipowaka moto ikitua Lakehurst, Marekani. Watu 36 walikufa. Kubis alikuwa katika ukumbi wa kulia chakula. Aliwahimiza waliokuwa karibu naye wangoje mpaka chombo kiikaribie ardhi, kisha waruke kwa dirishani, naye akaruka na akasalimika. Tangu mtu wa kwanza wa kazi hii, basi, sahani na moto vilikuwa jirani.

Katika miaka iliyofuata, mashirika ya Ulaya yaliajiri wavulana na wanaume kwa mtindo wa meli. Pwani yetu iliwaona watu hao kwa macho yake. Kuanzia mwaka 1937 ndege za Imperial Airways zinazotua majini, zilizokuwa zikitoka Southampton kwenda Durban, zilishuka Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Zilitia nanga kama vyombo vingine, na abiria wakashushwa kwa mashua. Ndani yake alikuwamo steward mwanamume, mwenye jiko dogo na koti jeupe. Kwa mwenye kutazama kutoka ufukweni, mtu yule alikuwa hana tofauti na baharia wa meli ya abiria.

Mabadiliko yalitoka Marekani. Mwaka 1930 msichana muuguzi aitwaye Ellen Church, mzaliwa wa mji mdogo wa Cresco katika jimbo la Iowa, aliingia katika ofisi ya Boeing Air Transport mjini San Francisco. Alikuwa amejifunza kurusha ndege, na kurusha ndege ndiko alikokutaka. Mlango huo alifungiwa kwa kuwa ni mwanamke. Akageuza ombi lake. Watu wanaogopa kupanda ndege, akasema. Basi waajirini wauguzi wakae nao. Hoja hiyo ilikuwa na werevu mwingi. Ndege za wakati ule zilikuwa na makelele, baridi na mtikisiko, na abiria walitapika sana. Muuguzi angewatazama wagonjwa, na tena kuwapo kwake kungewafanya wanaume waone haya kuogopa.

Tarehe 15 Mei 1930 Ellen Church alianza safari yake ya kwanza, kutoka Oakland hadi Chicago. Ilichukua saa 20, kwa vituo 13, na abiria 14. Yeye na wenzake saba ndio waliofungua ukurasa. Masharti waliyowekewa yanafaa kukumbukwa: awe muuguzi aliyesajiliwa, asiyeolewa, asiyezidi miaka 25, asiyezidi uzito wa ratili 115, na kimo chake kisipite futi tano na inchi nne, maana dari ilikuwa chini. Mshahara ulikuwa dola 125 kwa mwezi. Kwa malipo hayo alibeba mizigo, alikaza kwa bisibisi viti vilivyolegea sakafuni, alisaidia kujaza mafuta na hata kuisukuma ndege ndani ya banda lake. Alichukua ratiba ya treni, ili ndege ikishindwa kuendelea awapeleke abiria stesheni. Na alitakiwa awe macho asije abiria akaufungua mlango wa kutokea nje akidhani ni wa choo.

Katika orodha hiyo, chai ni jambo dogo. Kazi kubwa ilikuwa kuwafikisha watu salama. Ukimwonesha serahangi wa jahazi orodha ile ataitambua mara moja kuwa ni kazi ya baharia: kubeba, kukaza, kusukuma, kutazama watu, kutazama milango. Church mwenyewe aliumia katika ajali ya gari baada ya miezi 18, akarudi katika uuguzi. Katika Vita Vikuu vya Pili alihudumu kama muuguzi wa jeshi katika kuwasafirisha majeruhi kwa ndege, akatunukiwa nishani. Alifariki mwaka 1965.

Barani Ulaya aliyetangulia alikuwa Nelly Diener wa Swissair, aliyeajiriwa mwaka 1934. Alikuwa na umri wa miaka 22. Hakudumu hata miezi mitatu. Tarehe 27 Julai mwaka ule ule ndege yake ilianguka karibu na Tuttlingen, Ujerumani, wakafa wote 12 waliokuwamo. Tangu hapo, mtu anayesema kwamba kazi hii ni ya kutembea duniani kwa raha, amekwisha jibiwa.

Lakini ndivyo ilivyokuja kusemwa. Baada ya vita, ndege zilikuwa kubwa, zikaruka juu zaidi ya mawingu, matapishi yakapungua. Sharti la uuguzi lilikuwa limekwisha achwa wakati wa vita, wauguzi walipohitajiwa jeshini. Masharti ya umbo, umri na ndoa yalibaki, na baadhi yake yakakazwa. Katika miaka ya 1950 mashirika kadhaa ya Marekani yaliweka kikomo cha umri cha miaka 32 au 35. Akifika hapo, mwanamke huondolewa hewani. Akiolewa, huondolewa. Akipata mimba, huondolewa. Hupimwa kwenye mizani mara kwa mara, na akizidi kiasi alichowekewa, husimamishwa. Mwanamume rubani aliyekaa mita chache mbele yake, mwenye mke na watoto na tumbo, hakuulizwa lolote kati ya hayo.

Na ilikuwapo rangi. Mpaka mwaka 1958 hapakuwa na mwanamke mweusi hata mmoja katika kazi hii kwenye mashirika ya Marekani. Ruth Carol Taylor, muuguzi wa New York, alikuwa wa kwanza. Tarehe 11 Februari 1958 alisafiri na ndege ya Mohawk Airlines kutoka Ithaca hadi New York. Miezi sita baadaye aliolewa, na kwa sheria ile ile ya ndoa akaondolewa. Ukuta wa rangi ulipovunjwa, ukuta wa pili ulikuwa umesimama nyuma yake.

Hapa ndipo mlinzi wa nyumba alipogeuzwa pambo kabisa. Jina lenyewe lilibadilika: katika mashirika mengi aliitwa "hostess", yaani mwenyeji wa kike anayepokea wageni. Nauli zilikuwa zikipangwa na serikali ya Marekani, na mashirika hayakuweza kushindana kwa bei. Yakashindana kwa sura za wasichana. Mwaka 1971 shirika la National Airlines lilitoa matangazo ambamo msichana hujitaja jina lake, kisha humwambia msomaji ampande yeye aruke naye. Mwaka huo huo Southwest ilianza kuruka Texas na wahudumu waliovishwa suruali fupi za kubana. Sare ambayo ilikuwa na asili ya uuguzi na ubaharia iligeuka kuwa tangazo la biashara.

Wenyewe hawakunyamaza. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ilikataza ubaguzi wa jinsia katika ajira, na wahudumu wa ndege walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuishika mkononi. Mary Sprogis, aliyefutwa na United mwaka 1966 kwa sababu ya kuolewa, alishinda mbele ya mahakama ya rufaa mwaka 1971. Mwaka uliofuata wenziwe waliunda chama cha kutetea haki zao kama wanawake na kama wafanyakazi. Vikomo vya umri na ndoa vikaanguka kimoja baada ya kimoja. Mizani ilichelewa zaidi. Katika baadhi ya mashirika makubwa ya Marekani ilidumu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kesi iliyofungua macho kuliko zote, kwa maoni yangu, ililetwa na mwanamume. Celio Diaz wa Miami alitaka kazi hiyo katika Pan Am, akakataliwa kwa kuwa si mwanamke. Shirika lilileta mtaalamu wa nafsi mahakamani kueleza kwamba abiria, wakiwa wamefungiwa juu angani, hutulizwa zaidi na mwanamke. Mahakama ya rufaa ilijibu mwaka 1971. Ilisema kiini cha biashara ya ndege ni kuwachukua abiria salama kutoka mahali hadi mahali, na hayo mengine ya kupendeza ni nyongeza. Majaji wale huenda hawakujua asili ya neno "steward", lakini hukumu yao iliirudisha. Taratibu jina jipya likaenea katika Kiingereza, lisilo la kike wala la kiume, lenye maana ya mwangalizi wa safari ya ndege.

Afrika Mashariki ilikuwa na safari yake. Shirika la East African Airways lilianza mwaka 1946 kwa ndege sita ndogo za Dragon Rapide, likimilikiwa na serikali za Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Miaka 20 baadaye lilikuwa na ndege za Super VC10, zilizounganisha nchi zetu na Ulaya na Asia. Kwa vijana wa wakati huo wa baada ya uhuru, kuvaa sare ya shirika lile kulikuwa ni kuibeba jumuiya ya nchi tatu begani. Fahari hiyo nayo ilikuwa na gharama yake. Tarehe 18 Aprili 1972 ndege moja ya VC10 ilishindwa kuruka Addis Ababa, ikapita mwisho wa njia na kuwaka moto. Kati ya watu 107 waliokuwamo, 43 walikufa. Mwaka 1977 shirika lenyewe lilivunjika pamoja na Jumuiya. Kenya Airways na Air Tanzania zilizaliwa mwaka huo huo, na watu waliokuwa wafanyakazi wa chombo kimoja wakawa wa vyombo mbalimbali.

Kutoka hapo twende kwenye jambo ambalo washairi hatuna budi kulitazama, nalo ni tabasamu. Mwaka 1983 mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, Arlie Russell Hochschild, alichapisha kitabu alichokijenga juu ya mafunzo na maisha ya wahudumu wa Delta. Aliona kwamba watu hawa huuza kitu ambacho mtu wa kiwandani hatakiwi kukiuza. Mfanyakazi wa kiwanda hukodisha mikono yake, lakini uso wake ni wake. Mhudumu wa ndege hutakiwa aukodishe uso, na zaidi ya uso, alete furaha ya kweli kutoka ndani, kwa sababu abiria huitambua ya bandia. Abiria akimtukana, afundishwe kumfikiria kuwa ni mtoto anayeogopa. Hochschild aliita hiyo kazi ya hisia, na akauliza: mtu anayeuza hisia zake saa nyingi kila siku, akifika nyumbani hubaki na zipi?

Sisi ambao mashairi yetu yamejaa nyuso na macho na meno ya lulu twapaswa kulijua hilo. Tumeusifu uso, aghalabu bila ya kuuliza umelala saa ngapi. Kwa hiyo najaribu hapa beti moja, si kwa ajili ya kujisifu, bali kulipa deni:

Mwenye tabasamu lake, si kwamba hana majonzi,
Huyaficha ndani yake, kwani yeye ni mlinzi,
Msukosuko ufike, utamjua ni mwenzi,
Si mtumwa si kipenzi, baharia muheshimu.

Majonzi yenyewe ni yapi? Tuanze na mwili. Ndani ya ndege iliyo juu, hewa hubanwa kwa kiasi kinachoweza kulingana na hewa ya mlima wa mita 2,400. Unyevu wake aghalabu huwa chini ya asilimia 20, ukavu ambao mtu wa pwani hauoni hata katika kaskazi kali. Miguu huvimba, ngozi hukauka, koo hukwaruza. Juu huko pia mionzi itokayo anga za mbali huwa mingi kuliko ardhini, na wanaofanya kazi ndani ya ndege huhesabiwa na wataalamu miongoni mwa wafanyakazi wanaopata mionzi kwa sababu ya kazi yao. Usingizi hauna saa. Mtu huamshwa usiku wa manane wa nchi moja ili atabasamu asubuhi ya nchi nyingine, na mwili wake haujui uko wapi.

Kisha ulikuwapo moshi. Kwa miongo mingi abiria walivuta sigara ndani ya chumba kisicho na dirisha la kufunguliwa, na wahudumu wakauvuta moshi huo maisha yao yote ya kazi. Marekani ilipiga marufuku sigara katika safari fupi mwaka 1988, karibu safari zote za ndani mwaka 1990, na zote kabisa mwaka 2000. Mwaka 1991 wahudumu wasiovuta, wakiongozwa na Norma Broin aliyekuwa ameugua saratani ya mapafu, waliyashitaki makampuni ya sigara huko Florida. Kesi ilimalizika kwa mapatano mwaka 1997, makampuni yakakubali kutoa dola milioni 300 kwa ajili ya taasisi ya utafiti wa maradhi hayo. Abiria wa leo anayevuta hewa safi ndani ya ndege anawiwa na wanawake wale.

Na malipo? Katika mashirika mengi ya Amerika ya Kaskazini ilikuwa desturi kwamba saa ya mhudumu huanza kuhesabiwa mlango ukisha fungwa. Kupokea abiria, kuinua mizigo, kumtuliza anayegombania kiti, kukaa uwanjani ndege ikichelewa: yote hayo yalifanyika saa ikiwa imesimama. Delta ilianza mwaka 2022 kulipa muda wa kupandisha abiria, lakini kwa nusu ya kiwango. Mwezi wa Agosti 2025 wahudumu zaidi ya 10,000 wa Air Canada waligoma, na dai lao kubwa lilikuwa kazi hiyo ya ardhini isiyolipwa. Serikali iliwaamuru warudi kazini, chama chao kikakataa, na baada ya siku chache mapatano yakafikiwa. Yale masharti ya ndoa na mimba nayo hayakufia Marekani. Katika Ghuba, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki wamekwenda kutafuta kazi hii, ilibidi mwaka 2015 Shirika la Kazi Duniani liseme kuwa masharti ya namna hiyo katika Qatar Airways ni ubaguzi; baada ya hapo mikataba ikalegezwa.

Haya yote msomaji anaweza kuyasikia na kusema: ni shida za wafanyakazi, kila kazi ina zake. Kweli. Lakini kazi hii ina upande ambao maisha ya msomaji mwenyewe yamo ndani yake.

Aina mpya ya ndege haipewi ruhusa ya kubeba watu mpaka ithibitishwe kwamba ikijaa abiria, kukiwa na giza na nusu tu ya milango ya dharura ikitumika, wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90. Hesabu hiyo imesimama juu ya watu wachache. Kanuni ya Marekani humtaka mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Wakati wa kuruka na wa kutua, ukimwona ameketi kimya kwenye kiti chake cha kukunjua, usidhani amepumzika. Amefundishwa kuutumia muda huo kupitia moyoni: mlango wangu ni upi, unafunguka vipi, nje nitatazama nini kwanza, nani karibu nami atanisaidia, nani atahitaji kubebwa. Hufanya hivyo kila safari, kwa maelfu ya safari ambazo hazitokei neno.

Tarehe 8 Aprili 1968 likatokea. Ndege ya BOAC ilipoteza injini moja kwa moto mara tu baada ya kuruka London, ikarudi na kutua ikiwaka. Barbara Jane Harrison, mwenye umri wa miaka 22, alikuwa kwenye mlango wa nyuma. Mwenzake aliteremka kuunyoosha mtelezo wa dharura uliokuwa umejisokota, akashindwa kurudi juu. Harrison akabaki peke yake, akiwasukuma abiria watoke. Mara ya mwisho alionekana mlangoni, kama anayetaka kuruka, kisha akageuka akarudi ndani. Watu watano walikufa, naye akiwa mmoja wao. Uingereza ilimtunukia, baada ya kifo chake, nishani ya George Cross, iliyo ya juu kabisa kwa ushujaa nje ya uwanja wa vita.

Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi uko Ngazija. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines, Boeing 767 iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ilitekwa na vijana watatu walioshikilia ipelekwe Australia. Kapteni Leul Abate aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, wakakataa kumsadiki. Mafuta yalikwisha juu ya bahari yetu. Injini zote mbili zikanyamaza, na ndege ikashuka majini mbele ya ufukwe wa kaskazini ya Ngazija, bawa la kushoto likagusa maji kwanza, ikavunjika vipande. Watalii waliokuwa ufukweni na wenyeji wa kisiwa, kwa ngalawa na kila walichokuwa nacho, waliwahi kuwatoa waliokuwa hai. Kati ya watu 175, walisalimika 50.

Katika msiba ule liko jambo ambalo kila mtu wa visiwani anapaswa kulijua. Abiria wengi waliyavaa maboya yao ya kujiokolea na wakayajaza upepo wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, maboya yakawapandisha hadi darini na kuwazuia pale, wasiweze kupiga mbizi kuufuata mlango. Boya lililotengenezwa kuokoa likawa ndilo lililozuia. Kanuni ya kutolijaza boya ukiwa ndani ni sentensi moja katika maelezo ambayo mhudumu huyatoa kabla ya kila safari, akisimama katikati ya ujia na boya la manjano shingoni, huku abiria wakisoma magazeti. Ndiyo sentensi tunayoifanya ya kawaida mno kwa kuwa anayeisema ni yule yule atakayetuletea juisi.

Kinyume chake kilionekana Tokyo, tarehe 2 Januari 2024. Ndege ya Japan Airlines ikitua Haneda iligongana na ndege ya walinzi wa pwani iliyokuwa njiani, na watano kati ya sita wa ndege hiyo ndogo walikufa. Ile kubwa ilikuwa na watu 379, nayo ikawaka. Mitambo ya sauti ndani yake ikaharibika. Wahudumu tisa walitumia vipaza sauti vya mkononi na koo zao. Walitazama nje, wakaona milango ipi ina moto, wakafungua mitatu tu kati ya minane. Abiria waliambiwa waache mizigo, wakaiacha. Ilichukua dakika 18, na wote 379 wakatoka hai.

Tuitazame tofauti ya misiba hiyo miwili kwa uadilifu. Ngazija ndege ilishuka majini haina injini, na watekaji walikuwa wamekwisha vuruga kila kitu; hakuna mhudumu wa kulaumiwa. Haneda ardhi ilikuwapo chini. Lakini kisa cha Haneda kinathibitisha kitu kimoja: watu 367 waliokuwa abiria waliwatii watu tisa. Waliwatii kwa sababu, katika dakika zile, hawakumwona mbele yao mtumishi wala pambo. Walimwona mwenye amri ya chombo.

Jahazini hakuna aliyekuwa na shaka juu ya hilo. Mpishi wa chombo hupika wali bahari ikiwa shwari, na ikichafuka huacha chungu akaenda kufua maji na wenzake, na hakuna abiria anayemwambia arudi jikoni. Jina lake lilikuwa baharia, katika shwari na katika dhoruba. Lugha iliyowapa marubani wa ndege jina la bahari haikosi uwezo wa kuwapa wenzao nalo. Sijui kama wenye kutunga kamusi watalikubali, na "mhudumu" halitaondoka midomoni mwa watu. Hata hivyo, anapopita ujiani akitazama mkanda wako, jina analostahili moyoni mwako unalijua, na anapolishika boya la manjano akaanza kueleza, gazeti laweza kungoja.